Mpigo wa GPS: utajuaje kama kweli umefungamana na setilaiti?



Kijana wetu mmoja, mtoto wa ndugu yangu, ameajiriwa hapa Maskati na kampuni inayotunza minara ya simu. Kazi yake ya mwanzo ni kupita mnara baada ya mnara, kuangalia saa ya GPS iliyomo ndani ya kabati la mitambo, kisha kutia saini kwenye fomu kwamba saa iko sawa. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana alinitolea kipokezi kidogo cha GPS alichokinunua kwa fedha zake ajifunzie, akaiweka antena yake dirishani. Baada ya muda kitaa chake kikaanza kuwaka na kuzimika, mara moja kila sekunde.

"Umeona, Ami? Imeshashika."

"Umejuaje?"

"Si hiyo taa inapiga?"

Nikenda jikoni nikachukua sinia ya chuma na sufuria kubwa ya pilau. Antena nikaiweka juu ya sinia na sufuria nikaifunikiza juu yake, waya umetokeza pembeni. Tukakaa tukanywa kahawa. Dakika tano, dakika kumi, kitaa kinapiga vilevile, sekunde kwa sekunde, kama hakuna lililotokea. Antena haioni mbingu tena, lakini mpigo haukukatika. Kijana akaniangalia, akauliza, "Sasa hii inamfuata nani?"

Suali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Vijana wetu wengi hapa Ghuba wako katika kazi za simu, umeme, mafuta na meli, na kote huko kuna saa ya namna hii. Kipokezi kupiga ni jambo moja, na kupiga kwa kufuata setilaiti ni jambo jengine. Anayetia saini lazima azijue njia za kuyatenganisha.

Mpigo wenyewe ni nini

Kila setilaiti ya GPS imebeba saa za atomu, na iko juu yetu kiasi cha kilomita 20,200. Haijui sisi tuko wapi wala haitutumii ramani. Inatangaza tu: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na kwangu sasa ni wakati fulani. Tangazo hilo hutufikia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Kipokezi kina mambo manne kisichoyajua. Matatu ni ya mahali: kaskazini au kusini kiasi gani, mashariki au magharibi kiasi gani, na kimo. La nne ni kosa la saa yake mwenyewe, maana ndani yake mna kipande cha kwazi tu, jamaa ya kile kilichomo ndani ya saa ya mkononi. Mambo manne yanataka setilaiti nne. Wengi wetu tunayajua yale matatu kwa sababu ndiyo yanayotufikisha harusini Nizwa au Sur bila ya kuuliza njia. Hili la nne ndilo letu leo.

Kipokezi kikishajua saa yake imepotea kiasi gani, hutoa kwenye waya mmoja mshituko mdogo wa umeme kila sekunde inapoanza. Huo ndio mpigo. Ukingo wake, pale umeme unapopanda, ndio unaosema "sekunde imeanza hapa". Kwa kipokezi kizuri ukingo huo haukosei zaidi ya makumi ya nanosekunde. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde; ndani ya muda huo mwanga wenyewe hukata sentimita 30 tu.

Nani anahitaji udogo huo? Minara mingi ya 5G, na baadhi ya ile ya 4G, husema na kusikiliza kwa zamu katika masafa yale yale. Mnara mmoja ukisema wakati jirani yake anasikiliza, wote wawili wanaharibikiwa. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa kinautaka kila mnara usiachane na wakati sahihi kwa zaidi ya maikrosekunde 1.5. Katika umeme pia, wimbi la gridi yetu ya Oman hupiga mara 50 kwa sekunde, na digrii moja ya wimbi hilo ni kiasi cha maikrosekunde 55. Vyombo vinavyolinganisha wimbi la ncha mbili za gridi, zilizo mbali mamia ya kilomita, vinategemea mpigo wa GPS kila upande. Mpigo ukipotea upande mmoja, chombo kitaripoti hitilafu isiyokuwepo.

Muadhini wa siku ya mawingu

Wazee wetu Unguja walikuwa wakizirekebisha saa zao kwa magharibi. Jua likizama, mshale huwekwa kwenye kumi na mbili. Jua ndilo lililokuwa setilaiti yao, na saa ya ukutani ilikuwa kipokezi.

Sasa chukulia siku za masika, mawingu yametanda siku tatu mfululizo. Muadhini halioni jua, anategemea saa yake iliyosahihishwa siku tatu zilizopita. Adhana haikatiki. Sauti ni ile ile, mnara ni ule ule, na aliyeko nyumbani hana la kumuonesha kwamba leo muadhini hakuliona jua. Saa ya muadhini ikiwa nzuri, atakosea kidogo. Ikiwa mbovu, kosa litakua kila siku mpaka mawingu yafunguke.

Kipokezi chini ya sufuria kilikuwa muadhini wa siku ya mawingu. Kilikuwa kimeujua wakati kabla ya kufunikwa, na baada ya hapo kikaendelea kwa kwazi yake. Kwazi ikikosea sehemu 1 kwa milioni, mpigo huteleza maikrosekunde 1 kila sekunde. Kwa hesabu ya minara ya simu, ruhusa ya maikrosekunde 1.5 imekwisha kabla ya sekunde ya pili. Mitambo mikubwa huwekewa kwazi za thamani zinazotiwa joto la kudumu ili zivumilie mawingu kwa masaa, lakini nazo zina mwisho.

Angalia mambo haya kwa utaratibu

Kwanza, soma kitabu cha kipokezi ujue mpigo wake hufanya nini kisipoona setilaiti. Vipokezi haviko namna moja. Viko ambavyo havitoi mpigo mpaka vimeshapata mahali, na viko ambavyo hupiga tangu vinapotiwa umeme. Moduli nyingi za u-blox, zile za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni, zinakubali kupangwa: mpigo wa namna moja kabla ya kufungamana na wa namna nyengine baada yake. Mimi hupendelea kuupanga usitoke kabisa kabla ya kufungamana. Kimya kina faida kuliko uongo.

Pili, kisikilize kipokezi kinavyojieleza. Vipokezi vingi hutoa mistari ya maandishi ya NMEA kila sekunde. Katika mstari wa RMC mna herufi moja: A maana yake hesabu ni halali, V maana yake isitegemewe. Katika mstari wa GGA mna tarakimu ya ubora, na 0 maana yake hakuna kilichopatikana; humo humo mna idadi ya setilaiti zinazotumika. Ukiona nne au zaidi, vizuri. Vipokezi vilivyotengenezwa khasa kwa ajili ya wakati huweza kuendelea kwa setilaiti moja, lakini mpaka viwe vimeshaambiwa antena iko wapi na kwamba haisogei. Moduli za u-blox zina ujumbe zaidi, kama NAV-CLOCK, unaotaja kwa nanosekunde kosa ambalo kipokezi chenyewe kinakisia kinalo. Makisio hayo yakianza kupanda, mawingu yametanda.

Tatu, subiri. Kipokezi kilichowashwa sasa hivi kinaweza kukupa A na setilaiti nane na bado kikawa hakijasikia yote kinayopaswa kuyasikia. Sababu utaiona chini kidogo.

Nne, fanya jaribio la sufuria. Funika antena, uone kipi kinabadilika na baada ya muda gani. Kisha kizime na ukiwashe tena ikiwa bado imefunikwa. Kikipiga hata hapo, ujue kitaa cha kipokezi hicho si ushahidi wa chochote isipokuwa kwamba umeme umefika.

Ukubwa wa kosa hutaja ugonjwa

Mpigo hauna jina. Unasema sekunde imeanza, hausemi ni sekunde gani. Jina huja nyuma yake, katika ile mistari ya maandishi. Kwa hivyo kuna makosa ya mpigo na kuna makosa ya jina, na ukubwa wa kosa aghalabu hukuonesha ni lipi. Linganisha na saa nyengine unayoiamini, hata ile ya mtandao, kisha utazame tofauti:

- Saa 4 kamili. Hapana ugonjwa. Kipokezi hutoa wakati wa dunia, na Oman iko mbele yake kwa saa 4. Unguja kwa saa 3. Ikiwa tofauti ni saa 6, huenda ni wewe uliyesoma kwa Kiswahili.

- Sekunde 18, au sekunde chache. Hesabu ya GPS ilianza tarehe 6 Januari 1980 na haiongezewi zile sekunde za kurekebisha ambazo wakati wa dunia huongezewa. Tangu hapo zimeongezwa 18, ya mwisho ikiwa usiku wa kuamkia mwaka 2017. Tofauti hiyo hutangazwa na setilaiti zenyewe, lakini mzunguko mzima wa matangazo huchukua dakika 12 na nusu. Kabla ya kuisikia, kipokezi hutumia ile iliyoandikwa kiwandani, ambayo yaweza kuwa ya zamani. Hii ndiyo sababu ya kusubiri: kipe robo saa.

- Sekunde 1 kamili. Mpigo ni sahihi, jina limebandikwa kwa jirani yake. Kwa kasi ya kawaida ya 9600, waya hupitisha herufi kiasi cha 960 tu kwa sekunde. Mistari ikiwa mingi, ya mwisho hufika wakati mpigo unaofuata umeshapita, na kompyuta hudhani inauhusu huo. Punguza mistari au ongeza kasi.

- Sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kompyuta imeshika ukingo usio wake. Mpigo wa moduli nyingi hukaa juu milisekunde 100 kisha hushuka. Ukihesabu kwa kushuka badala ya kupanda, utachelewa milisekunde hizo hizo 100, siku zote, bila ya kutetereka. Kosa hili ni la hatari kwa sababu limetulia sana.

- Mamia ya nanosekunde, yasiyobadilika. Ni waya wa antena. Ishara huchukua kiasi cha nanosekunde 5 kupita kila mita. Waya wa mita 30 kutoka juu ya paa hukuchelewesha kiasi cha nanosekunde 150. Pima waya wako, kiambie kipokezi, nacho kitaziondoa.

- Miaka 19 na zaidi ya miezi saba. GPS ya asili huhesabu wiki mpaka 1,024 kisha hurudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Kipokezi kikuukuu kisichorekebishwa kitakupa tarehe ya zama zilizopita, na huku mpigo wake ni sahihi kabisa.

Usimtake mtu ashuhudie nafsi yake

Kijana alikuwa na hoja. Akaniambia: "Ami, mimi nimeiunga kwenye Raspberry Pi, programu ya chrony inaonesha tofauti baina ya mpigo na saa ya kompyuta ni chini ya maikrosekunde moja. Si ushahidi huo?"

Nikamuuliza: saa ya kompyuta inarekebishwa na nini? Akanyamaza, kisha akacheka. Inarekebishwa na mpigo huo huo. Basi hata mpigo ukiteleza, kompyuta huteleza nao bega kwa bega, na tofauti baina yao itabaki ndogo mpaka Siku ya Kiyama. Hili ni kosa ambalo nimeliona kwa watu wenye shahada kubwa.

Shahidi lazima awe mwengine. Ukiwa na vipokezi viwili na chombo cha kutazamia mawimbi ya umeme, iweke mipigo yote miwili kwenye kioo kimoja. Utaona ukingo wa pili unachezacheza kulia na kushoto ya wa kwanza kwa makumi ya nanosekunde. Usikhofu. Kipokezi hakiwezi kupiga wakati wowote kinaotaka. Lazima kingojee hatua ya saa yake ya ndani. Saa hiyo ikienda mara milioni 48 kwa sekunde, hatua moja ni kiasi cha nanosekunde 21, na mpigo hudondokea hatua iliyo karibu. Kucheza si kosa. Kosa ni kutembea: ukingo mmoja ukiondoka polepole upande mmoja bila ya kurudi, mmoja wao hafuati setilaiti. Wa kumtafuta ni yule ambaye ukimfunika, mwendo haubadiliki.

Asiyekuwa na chombo hicho ana njia ya kimasikini, nayo ndiyo tuliyoifuata nyumbani. Tuliiambia chrony ifuate saa za mtandao peke yake, na mpigo iutazame tu bila ya kuufuata. Neno lake katika mpangilio ni `noselect`. Saa za mtandao hukosea milisekunde kadhaa huku na huku, kwa hivyo hazifai kupimia nanosekunde. Lakini zina sifa moja: haziachi njia. Usiku wa kwanza tuliiacha antena wazi, na tofauti zikarukaruka pande zote mbili za mstari mmoja ulionyooka. Usiku wa pili tukaifunika. Kulipokucha mstari ulikuwa umelala upande. Hesabu yake ni nyepesi: kwazi inayokosea nusu ya sehemu moja ya milioni huteleza kiasi cha milisekunde 14 katika muda wa saa nane, na hizo saa za mtandao zinatosha kuziona.

Sufuria moja, sinia moja, na usiku mbili za subira zilitosha.

Pale mbingu yenyewe inapotiwa uongo

Kuna jambo la mwisho, na kwetu watu wa Ghuba si la mbali. Mwezi wa Juni 2025, wakati wa vita vya Israel na Iran, meli nyingi katika eneo la Mlango wa Hormuz zilivurugikiwa na GPS. Kwenye ramani baadhi zilionekana ziko nchi kavu. Ishara ya setilaiti ikifika ardhini ni dhaifu mno, na mwenye mtambo wa kutangaza kwa nguvu zaidi katika masafa yale yale anaweza kuifunika, au kuiigiza.

Kufunikwa ni ile sufuria yetu, kipokezi hupoteza setilaiti na husema V. Kuigizwa ni kubaya zaidi. Kipokezi kitasema A, kitahesabu setilaiti kumi, kitaa kitapiga, makisio ya kosa yatakuwa madogo, na vyote vitakuwa vinamfuata muongo. Dalili moja ni mahali. Antena iliyofungwa kwa boliti juu ya paa haisafiri. Kipokezi kikidai kimesogea mita mia tano, usiuamini na mpigo wake. Dalili nyengine ni wakati kuruka ghafla ukilinganisha na shahidi asiyetegemea GPS: saa ya mtandao, kwazi nzuri, au saa ya atomu kwa wenye uwezo.

Na si lazima awepo adui. Tarehe 26 Januari 2016, Wamarekani walipokuwa wakiistaafisha setilaiti moja kongwe iitwayo SVN 23, hesabu yenye kosa iliingia katika matangazo ya setilaiti nyengine. Kwa masaa kadhaa vipokezi vilivyoifuata vilitoa wakati wa dunia wenye kosa la maikrosekunde 13, zaidi ya mara nane ya ile ruhusa ya minara. Mitambo ya simu ikapiga kengele katika nchi mbalimbali. Vipokezi vile vilikuwa vimefungamana barabara na setilaiti. Waliogundua ni wale waliokuwa na saa ya pili ya kulinganisha.

Fomu

Kijana alirudi kazini Jumapili. Fomu yao ina kisanduku kimoja tu: saa iko sawa, ndiyo au siyo. Siku hizi anatia alama yake kama kawaida, kisha chini, pale penye nafasi ya maelezo, anaandika mistari mitatu: setilaiti ngapi zilitumika na kwa muda gani, mpigo ulilinganishwa na saa ipi, na tofauti ilikuwa kiasi gani.

Wiki ya tatu alikuta mnara mmoja kitaa chake kinapiga vizuri kabisa. Alipofuatilia waya wa antena juu ya paa akaukuta umekatika, umeliwa na jua. Fomu za waliomtangulia zilikuwa zimejazwa zote: ndiyo, ndiyo, ndiyo.